Kichwa cha treni cha babu: ni cha reli ya Nachingwea kweli?

SWALI: Shikamoo fundi. Tumegawana vitu vya marehemu babu, mimi nikaangukiwa na boksi ambalo ndugu wote walilikataa. Ndani kuna kichwa cha treni kidogo cha brasi kimeunganishwa nusu, kimegandishwa kwa gundi imeshakuwa ya njano, kuna na mabati mawili membamba yana vipande havijakatwa bado, mota ipo ila haizunguki, na karatasi ya maelezo mchwa wamekula sehemu kubwa hata jina la kampuni halipo. Babu alikuwa karani wa stesheni kwenye ile reli ya Mtwara kwenda Nachingwea, kwa hiyo nyumbani wote wanasema ni mfano wa treni yake na alipewa reli ilipofungwa. Ni kweli? Na je naweza kukimalizia kikapendeza na kikatembea?
Mjukuu, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Umefanya vizuri sana hujaanza kukisugua, maana watu wengi wakipata kitu cha brasi cha kwanza ni msasa, halafu ndio wanauliza ni nini.

Wasomaji, nilimwomba huyu binti aliyeuliza aende kwa fundi chuma aazime venia (kifaa cha kupimia milimita) anipimie vitu vichache, na akanisomea kilichobaki kwenye karatasi. Majibu yake ndiyo haya: magurudumu 6 yote makubwa sawa, kipenyo milimita 18.5, kutoka ekseli ya kwanza hadi ya pili milimita 29, ya pili hadi ya tatu 33, upana wa reli 16.5. Madirisha ya mbele ya kabini ni ya duara. Matenki ya maji yamening'inia ubavuni kwa boila kama shogi la punda, hayagusi chini. Karatasi ina bei ya paundi na pensi, imeandikwa VAT, na namba ya simu ya London inaanza na 01.

Tuanze na karatasi kwa sababu ndiyo inayoivunja hadithi ya nyumbani. Kodi ya VAT Uingereza ilianza Aprili 1973, na simu za London ziliacha 01 mwezi Mei 1990, kwa hiyo karatasi hiyo imechapwa katikati hapo. Reli yetu ya kusini ilifungwa 1962. Yaani babu hakupewa siku ya kufungwa, alikipata baadaye, labda aliagiza au aliletewa na mtu, hilo waulizeni wazee wenzake. Na hata bila karatasi, hizi seti za mabati yaliyoliwa na tindikali (picha inachapwa kwenye bati, tindikali inakula pasipotakiwa, vipande vinabaki vimeshikiliwa na vishikizo vidogo) zilienea miaka ya 1970, kabla ya hapo za kuunganisha mwenyewe nyingi zilikuwa za risasi nyeupe ya kumimina.

Sasa vipimo. Waingereza wengi wanatengeneza kwa kipimo cha milimita 4 kwa kila futi 1 ya kweli. Gawa 18.5 kwa 4 unapata futi 4 na inchi 7 na nusu. Gawa 29 unapata futi 7 na inchi 3, gawa 33 unapata futi 8 na inchi 3. Hapo mtu anayezijua anacheka kabisa, maana hivyo ni vipimo vya vile vichwa vya kuvuta mabehewa yadi vya Great Western Railway, kampuni ya reli ya Uingereza, aina ya 5700, vilivyotengenezwa 863 kati ya 1929 na 1950. Wapo ndugu zake wenye nafasi hizohizo za ekseli, ila wale wa zamani wengi kabini zao zilikuwa wazi nyuma na aina ya 9400 boila yake inaanza nene inaishia nyembamba. Yako boila ni nene sawa mwanzo mwisho na kabini imefungwa, na madirisha ya duara yanamaanisha ni toleo la mwanzo, kwani kuanzia 1933 walibadilisha kabini ikawa kubwa na madirisha ya pembe.

Kwa hiyo hapana, hakijawahi kukanyaga Nachingwea. Reli yetu ilikuwa na upana wa meta 1 kati ya chuma na chuma, na kwa kipimo hiki ingekuwa milimita 13 hivi. Hicho kichwa cha kweli kilitembea kwenye reli ya milimita 1435. Mkali wa hesabu atasema 1435 ingetakiwa itoke karibu 18.8 siyo 16.5, na yuko sahihi, hata Uingereza wenyewe wanajua reli yao ya mezani ni nyembamba mno ila wameshaizoea, na wanaoumia rohoni ndio wanatanua chasisi.

Kukitengeneza sasa. Toa mota kwanza. Hiyo gundi ya njano inaonekana ni ya kuchanganya mbili, hiyo inalainika kwenye maji ya moto yanayokaribia kuchemka, tumbukiza, subiri, achanisha taratibu na koleo, usilazimishe bati litakunjika na brasi iliyokunjika haikunjuki ikawa kama mwanzo. Ukishaachanisha utaona kila ukingo wa kipande una kijimgongo katikati kilichoachwa na tindikali iliyoingia pande mbili, kipigwe tupa laini chote, hapa ndipo vichwa vingi vya zamani vinapoonekana vya ovyo, mtu hakupiga tupa basi viungo havikai. Mistari ya kukunja inakuwa upande wa ndani wa kona. Halafu unganisha kwa risasi siyo gundi, na kama huna mkono huo mpe sonara au fundi redio mzuri, ila mwambie bomba la moshi na vile vipande vya kijivu vya kumimina visiguswe na soldaringi ya moto mkali, vinayeyuka unaviona hivihivi, hivyo bandika kwa gundi. Ukimaliza osha na maji ya sabuni na mswaki, flaksi (dawa ya kufanya risasi ishike) ikibaki kwa hewa yetu ya chumvi bati litaota kijani chini ya rangi.

Chasisi ndiyo roho yake. Iweke juu ya kioo, magurudumu yote 6 yaguse. Pini za fito (vyuma vinavyounganisha gurudumu na gurudumu) upande mmoja ziwe zimetangulia upande wa pili kwa robo mzunguko, na iwe hivyohivyo kwenye ekseli zote tatu, moja ikipishana kidogo tu kinakwamakwama.

Mota safisha pale brashi (vipande vinavyopitisha umeme ndani yake) zinapogusa, tone la mafuta ya cherehani kwenye ekseli, jaribu. Ikizunguka lakini inachemka haraka sumaku imechoka, nunua nyingine ya volti 12. Usikubali ya kwenye deki ya CD, nyingi zile ni za volti ndogo zitaungua. Umeme wa kujaribia tumia betri ya bodaboda, ila katikati ya waya mmoja weka balbu ya indiketa ya wati 21, reli zikigusana balbu itawaka badala ya waya zako.

Rangi, kijani ya Great Western ni sahihi, nyeusi ya British Railways, shirika la reli la taifa lililofuata, pia. Mimi ningepaka nyekundu iliyoiva, maana London Transport, shirika la usafiri la jiji la London, walinunua 13 za aina hiyo na zikafanya kazi mpaka 1971, na wachache watakuwa nayo.

SWALI: Fundi, nimesafisha taa ya brasi kwa ndimu na chumvi nikailaza usiku kucha, asubuhi ina madoa ya pinki. Nimeiharibu? Msomaji, Lindi

JIBU: Hujaiharibu sana. Brasi ni shaba na zinki, asidi ikikaa muda mrefu zinki inatangulia kutoka na shaba inabaki peke yake juu. Ni ngozi tu, isugue kwa dawa ya kung'arishia brasi, na siku nyingine dakika chache zinatosha halafu suuza.