Mama akisema kichwa kinamuuma baada ya ganzi ya mgongoni, muulize akilala inakuwaje

Wadogo zangu mnaoanza zamu thieta na wadi ya wazazi, hili nawaambia manake lilinikuta mimi mwenyewe. Usiku mmoja sindano namba 25 zimeisha, mama anasubiri operesheni, nikachukua 22, ambayo ni nene zaidi, nikachoma mara tatu ndo nikapata maji ya uti wa mgongo. Mtoto katoka salama, wote tukafurahi. Kesho yake mama analalamika kichwa, nikaandika panadol, siku ya tatu karuhusiwa. Siku mbili mbele karudi kashikiliwa na wifi zake, hawezi kukaa hata dakika tano, ananyonyesha kalala ubavu kajifunika khanga usoni mwanga usimuumize. Wifi mmoja akaniuliza pembeni kama ni jini. Jini wapi, ni tundu nililotoboa mimi.

Yani lile tundu kwenye utando wa uti wa mgongo linakuwa halijaziba, maji yanavuja, presha ya maji inashuka, akisimama tu ubongo unashuka na kuvuta tando zake, akilala anapata nafuu. Kwa hiyo mkalishe mbele yako, subiri, afu mlaze, utaona mwenyewe. Uliza na shingo kukaza, masikio kuvuma, kuona vitu viwiliviwili.

Ila sio kila kichwa ni sindano!! Kama hakibadiliki akilala, au presha iko juu, ana homa, degedege, anasinziasinzia, mkono umelegea, fikiria kifafa cha mimba (kinatokea hata baada ya kujifungua), damu kuganda kwenye mishipa ya kichwa, homa ya uti wa mgongo. Na kile kilichokuwa kinapoa akilala afu kikaacha kupoa, hicho kiogope zaidi, huenda damu inavujia kichwani, ita mkubwa wako hapohapo.

Matibabu: paracetamol kwa saa zake sio mpaka aombe, ibuprofeni kama figo na tumbo viko sawa na presha haina shida, anywe maji kawaida, kahawa kidogo inasaidia ila isizidi maana ananyonyesha. Kumlaza chali saa 24 hakuzuii kitu, na madripu lita kwa lita hayazibi tundu, anaishia kwenda chooni na kichwa chake kinamuuma vilevile. Wengi wanapona ndani ya wiki moja au mbili. Asiyeweza kumshika mwanae, huyo anahitaji kiraka cha damu: mmoja anamtoa damu mkononi kisafi kabisa, mwingine anaiingiza taratibu nje ya ule utando, kama mililita 20, akisema mgongo unabana au unauma, hapo anaacha kuingiza. Mwenye homa au damu isiyoganda vizuri hafanyiwi. Sio kazi ya kujaribia, kama hapo kwenu hakuna mzoefu mpe rufaa. Yule mama wangu alipewa rufaa, akafanyiwa, jioni ileile kakaa kitandani anakula wali.

Hata August Bier, yule daktari Mjerumani aliyefanya ganzi hii ya mgongoni 1898, alijitolea achomwe yeye na kichwa kikamtesa siku kadhaa, na sindano zake zilikuwa nene. Namba ikipanda sindano inakuwa nyembamba, wageni mnachanganya sana hapo. 25 au 27 yenye ncha ya penseli ndo ya kutafuta, ukipata yenye ncha ya kukata tu basi geuza makali yake yafuate urefu wa mgongo. Na ukiingia zamu fungua kabati uzihesabu, zikibaki mbili piga simu stoo kabla giza halijaingia.