Timu inashinda, benchi la majeruhi limejaa

SWALI: Ndugu wahariri, nafundisha timu ya soka ya chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Tumecheza mechi tisa za ligi ya vyuo bila kufungwa, ila sasa nina majeruhi sita: watatu nyama za paja, wawili enka, mmoja nyonga. Nusu fainali ni baada ya siku 12 na vijana wote wanadai wako fiti. Nimrudishe nani? Na kwa nini haya yananikuta wakati timu iko vizuri?
Kocha, Ubungo

JIBU: Ndugu kocha, yanakukuta kwa sababu timu iko vizuri. Anayeshinda habadilishi kikosi, kwa hiyo wale 11 wa mechi ya kwanza ndio hao hao wa mechi ya tisa. Halafu kuna ndondo. Jumamosi kijana anakuchezea dakika 90, Jumapili jioni yuko Tandika au Manzese anaichezea timu ya mtaa kwa posho, na wewe huambiwi. Mmoja akichanika nyama ya paja ni ajali. Watatu katika msimu mmoja ni ratiba.

Chukua daftari. Nusu saa baada ya kila mazoezi au mechi, muulize kila mchezaji kazi ilikuwa ngumu kiasi gani, kuanzia 1 hadi 10, kisha zidisha kwa dakika alizocheza. Mechi ya dakika 90 yenye ugumu wa 8 ni 720. Mazoezi mepesi ya saa moja yenye ugumu wa 4 ni 240. Jumlisha kwa wiki, linganisha na wastani wa wiki nne zilizopita. Aliyezoea 1,500 akifika ghafla 2,400, mpunguzie siku hiyo hiyo, hata kama hajalalamika. Ndondo ziandikwe humo humo, na anayekiri asiadhibiwe. Ukimwadhibu mmoja, wengine watakuficha na daftari halitakuwa na maana.

Sasa majeruhi wa paja, maana hapa ndipo makocha wengi huharibu. Maumivu ya kutembea huisha mapema kuliko msuli unavyopona, na hatari kubwa ya kuchanika tena iko katika wiki mbili za mwanzo baada ya kurudi uwanjani. Kwa hiyo usiulize "unasikiaje?" Pima. Mlaze chali, nyanyua mguu usioumia ukiwa umenyooka, kisha ulioumia: huu ulioumia usiishie chini zaidi ya mwenzake wala usiume. Mlaze kifudifudi, akunje goti huku wewe ukimzuia kwa mkono kisiginoni. Nguvu ziwe sawa pande zote mbili. Akifaulu hapo ndipo aanze kukimbia: kwanza nusu ya mwendo wake, kesho yake asilimia 70, kisha 90, halafu mbio kamili, za kugeuka na za kukimbiza mpira. Kila hatua siku yake, na akisikia kuvutwa anarudi hatua moja nyuma. Baada ya hapo amalize mazoezi mawili kamili na wenzake. Asiyefika hapo kabla ya nusu fainali hachezi, hata awe ndiye mfungaji wako bora.

Aliyefika mwanzishe benchi na mpe dakika 20 au 30 za mwisho. Umwite apashe misuli mapema, dakika kumi nzima. Winga wa kuinuka kwenye benchi la zege moja kwa moja na kuambiwa "kimbia" ataondoka kwa machela.

Kwa waliobaki wazima, lipo zoezi la Nordic, ambalo halitaki kifaa chochote. Mchezaji anapiga magoti kwenye mkeka au nyasi, mwenzake anamkandamiza vifundo vya miguu, naye anajishusha mbele polepole, kiwiliwili kikiwa kimenyooka toka magotini hadi kichwani, mpaka ashindwe na kujidaka kwa mikono. Wiki ya kwanza ni siku moja tu, seti mbili za mara tano. Ya pili siku mbili, seti mbili za mara sita. Ya tatu siku tatu, seti tatu za mara sita hadi nane. Tafiti zinaonyesha timu zinazolifanya hupunguza majeraha ya nyuma ya paja kwa karibu nusu. Timu nyingi huliacha kwa sababu kocha alianza na seti nyingi, vijana wakaamka hawawezi kushuka ngazi za bweni. Wewe una siku 12, kwa hiyo anza kidogo, na usilifanye ndani ya siku tatu kabla ya mechi.

Enka: kama mchezaji hakuweza kupiga hatua nne baada ya kuumia, au anaumia ukibonyeza mfupa wa kifundo kwa nyuma, ndani au nje, au mfupa unaochomoza ubavuni mwa unyayo upande wa kidole kidogo, au ule wa ndani mbele ya kifundo, apigwe eksirei kwanza. Kama hakuna mfupa uliovunjika, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, bandeji ya kubana, na mguu uinuliwe. Maji ya moto na kuchua kwa nguvu siku mbili tatu za mwanzo huongeza uvimbe; mwambieni na mchua misuli wenu. Kabla ya kurudi asimame kwa mguu ule sekunde 30 macho yamefumbwa, kisha aruke kwa mguu huo mmoja mbele na pembeni bila kuyumba. Acheze akiwa amefungwa plasta au kifunga enka.

Wa nyonga mpe mpira aubane katikati ya magoti akiwa amelala chali. Akisikia maumivu anapoubana, hapigi mashuti wala pasi ndefu.

SWALI: Mimi ni winga, goti linanisumbua. Rafiki yangu anasema nichome sindano ya diklofenaki saa moja kabla ya mechi, nitacheza vizuri. Kuna ubaya?
Mwanafunzi, Kigamboni

JIBU: Upo. Maumivu yakinyamaza, goti halikuonyi tena, na unaligeuza vile vile lilivyoumia. Pia dawa hiyo hupunguza damu inayofika kwenye figo, nawe utakuwa umepungukiwa maji kwa jasho la Dar. Tumbo nalo halipendi. Goti likivimba ndani ya saa chache za kuumia, likikwama au likikulegea unapogeuka, onana na daktari wa mifupa, si mchomaji wa mtaani. Taasisi ya MOI pale Muhimbili ni ya mifupa, ila anzia hospitali ya karibu upewe rufaa. Ikithibitika kuwa kano kuu ya katikati ya goti imekatika, hesabu miezi tisa au zaidi baada ya upasuaji.

SWALI: Beki wetu aligongana vichwa, akasahau matokeo yalikuwa ngapi ngapi, baada ya dakika tano akasema yuko sawa. Tungemrudisha?
Nahodha, Mbagala

JIBU: Hapana, wala siku hiyo yote. Kusahau matokeo kunatosha kumtoa. Asiachwe peke yake usiku huo. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akichanganyikiwa, akapata degedege, mkono au mguu ukalegea au mboni za macho zikawa na ukubwa tofauti, mpelekeni hospitali hapo hapo. Kurudi ni hatua kwa hatua, kila moja isipungue saa 24: mapumziko mafupi, matembezi, kukimbia polepole, mazoezi ya mpira bila kugusana, kisha daktari amruhusu ndipo agusane na wenzake. Kupiga vichwa kuwe mwisho kabisa.