Usilikariri Jina la Iuppiter Bila Iovis

Anayeanza kusoma Kilatini hukutana mapema na Iuppiter, mungu mkuu wa Warumi, kisha katika sentensi zinazofuata akamkuta Iovis, Iovi, Iovem na Iove, akadhani hiyo ni miungu miwili. Kwa yale niliyoyaona katika kujifunza lugha hii na kuwasaidia wengine, nakusihi usikariri jina la mungu wa Kirumi katika umbo la kiima peke yake, yaani umbo la mtenda wa sentensi, kwa kuwa nomino za Kilatini hubadilika kulingana na kazi yake katika sentensi. Likariri pamoja na umbo la kumiliki, kama kamusi zinavyoliandika: Iuppiter, Iovis.

Tofauti hiyo ina historia inayofaa kujulikana. Katika lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, yaani lugha ya kale iliyozaa Kilatini, Kigiriki na Kisanskriti, palikuwa na mzizi uliotaja anga angavu la mchana, na mzizi huohuo ndio uliozaa dies, yaani siku. Waliosali walimwita mungu wa anga “Ee Baba Anga”, na kwa kuwa jina la mungu hutamkwa zaidi katika dua kuliko katika masimulizi, wito huo uliganda ukawa kiima. Sehemu ya pili, -piter, ni pater, baba, ambayo irabu yake ilidhoofika ilipoacha kuwa katika silabi ya kwanza. Maumbo mengine hayakumbeba huyo baba. Yalibaki na shina Iov- tu, lililokuwa Diov- katika Kilatini cha kale. Wagiriki nao walisali kwa Zeu pater, na katika Rigveda, mkusanyo wa nyimbo takatifu za kale za Kihindi, yumo Dyaus Pita, kwa hiyo hapa tunashika jina la kale mno.

Maana ya anga haikupotea hata Roma ilipokuwa dola kubwa. Mshairi wa Kirumi Horatius anapomtaja mwindaji anayekesha sub Iove frigido, anasema kwamba yuko nje, chini ya anga lenye baridi. Asiyelijua shina Iov- hataupata ushairi huo.

Fanya vivyo hivyo kwa majina ya miungu wengine, kama Mars, Martis na Ceres, Cereris. Jina la mungu wa kike Venus, Veneris hutaka uangalifu zaidi, kwani lina umbo la nomino zisizo za kiume wala za kike, kama genus, generis, ilhali hutumika kama jina la kike.

Ukishalizoea shina Iov-, utaitambua Iovis dies, siku ya Iuppiter, ndani ya jina la Alhamisi katika lugha zilizotokana na Kilatini: giovedì kwa Waitaliano, jeudi kwa Wafaransa na jueves kwa Wahispania.