Mnaopangiwa kufundisha mwambao wa Kigoma, utoro usomeni pamoja na mwezi

Wadogo zangu mnaoripoti shule za msingi huku kando ya Ziwa Tanganyika, kuna kitu mi sikuambiwa na mtu nikahangaika nacho miaka miwili mizima.

Nilifika na daftari la mahudhurio na sheria kichwani. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto akifikisha miaka 7 aandikishwe na ahudhurie mpaka amalize, mzazi akizembea anashtakiwa. Basi kila wiki napeleka majina kwa mtendaji wa kijiji, mgambo wanapita majumbani, watoto wanarudi siku mbili wanapotea tena, na wazazi nikiwasalimia kwa Kiha, mwakeye, hawaitikii.

Siku moja nikalipitia daftari la miezi minne nikaona kumbe utoro unakuja kwa zamu, wiki kadhaa darasa limejaa halafu wiki kadhaa madawati matupu. Mama mmoja muuza dagaa ndo alinifumbua macho, akaniuliza mwalimu kwani wewe usiku huangaliagi juu? Dagaa wanavuliwa kwa taa, kwahiyo usiku wa giza mitumbwi yote iko ziwani na alfajiri mwalo mzima, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, unaamka kuanika, mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika na wanafunzi wangu wanarudi. Nikaenda mwenyewe mwaloni saa kumi na mbili asubuhi, nikamkuta mtoto wangu wa darasa la tatu ameinama anatandaza dagaa mchangani kwa mikono miwili, magamba yamemganda mpaka kwenye viwiko, pembeni kibakuli chake cha ujira. Hicho kibakuli ndo mboga ya jioni kwao. Iliniuma sana, maana darasani nilikuwa namchapa kwa kusinzia.

Kwahiyo msianze na dhana kwamba wazazi wa huku hawapendi shule. Wengi wanaipenda ila wanapiga hesabu, anakwambia kaka yake kamaliza form four na yuko hapahapa anavuta nyavu. Na sasa sera mpya ya elimu inataka darasa la kwanza waanze na miaka 6, baba anauliza huyu mdogo masika atavuka mto na nani? Ni swali la haki kabisa, sisi tulipanga wa darasa la sita wawapitie wadogo nyumbani, na wakaja.

Mada mpya fundisha wakati wa mbalamwezi, wiki za giza fanya marudio. Viongozi wa mwalo kaa nao mapema, wakisema mtoto asipewe kazi kabla ya shule wanasikilizwa kuliko mgambo.

Ila asiyerudi hata mwezi ukiwaka, huyo mfuate wiki hiyohiyo, hasa binti wa darasa la sita au la saba. Nenda mwenyewe, ongea na mama yake. Na kama ameshajifungua mwambie nafasi yake ipo, waraka wa elimu wa serikali wa 2021 unamruhusu kurudi shule, maana wengi nyumba nilizopita walikuwa hawajui.