Kiharusi na miaka 33: ulizeni donge limetoka wapi

Nilikuwa naandika meseji simu ikadondoka. Nikaiokota ikadondoka tena, vidole naviona kabisa ila havishiki, nikamwita mdogo wangu jina likatoka kama la mlevi. Mimi nilitaka nijilaze kidogo, yeye akakataa akanikimbiza hospitali, na hapo ndo aliponiokoa, maana dawa ya kuyeyusha donge la damu lililoziba mshipa wa ubongo kwa kawaida inatolewa ndani ya masaa 4.5 tangu dalili zianze, ukilala nazo umejipotezea muda.

Basi presha sawa, sukari sawa, sigara sivuti, kila mtu anasema stresi. Stresi gani jamani, kwenye picha donge la damu linaonekana! Na donge lenyewe halikuanzia kichwani, lilisafiri. Ndo nikaanza kung'ang'ania swali moja tu: limetoka wapi?

Wakanifanyia eko ya mapovu, yaani ultrasaundi ya moyo. Unachomwa mkononi maji ya chumvi yaliyotikiswa na hewa kiduchu, unajikaza kama uko chooni, halafu unaachia. Kwenye skrini vidoti vyeupe vikajaa upande wa kulia wa moyo, nilipoachia tu vitatu vinne vikavuka kushoto. Kumbe nina katundu kati ya vyumba vya juu vya moyo, kale ambako kila mtoto anakuwa nako akiwa tumboni mwa mama, na kwa kama mtu 1 kati ya 4 hakazibi. Wengi wanazeeka nako bila shida, kwahiyo kukakuta hakutoshi, daktari akauliza kuhusu miguu na hapo nikakumbuka ile safari ndefu ya kukaa tu na kigimbi cha mguu kilichoniuma wiki nzima nikadhani msuli. Wakakipima, damu ilikuwa imeganda humo, donge likapanda hadi moyoni, likavuka kwenye katundu na kwenda kichwani.

Kwako inaweza kuwa kingine kabisa. Valvu ya moyo iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni, moyo kudunda ovyo, moyo uliochoka baada ya kujifungua, au mshipa wa shingo uliochanika ndani baada ya ajali au kuvunjwavunjwa shingo (hii mi siifanyi tena, niacheni). Dada ambaye mimba zimetoka mara kwa mara aulize vipimo vya damu kuganda, na mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli amwambie daktari kabla ya kuanza vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni.

Mimi katundu kangu kalizibwa, kifaa kilipitishwa kwenye mshipa wa kinenani, kifua hakikupasuliwa. Vidole vimerudi, ila kifungo cha juu cha shati bado tunagombana.