Bunduki ya shabaha: niitengeneze au ninunue nyingine?

SWALI: Nina bunduki ya .22 (kipenyo cha takriban inchi 0.22) yenye leseni, ya kulengea shabaha. Siku hizi risasi zinatawanyika. Nibadilishe mtutu au ninunue nyingine? – Msomaji, Malindi

JIBU: Ndugu yetu, usitoe pesa bado. Hakikisha haina risasi, kisha kaza skrubu za kitako na za darubini. Zikilegea, hata mtutu mpya hautakufaa. Kagua mdomo wa mtutu: ukilika kwa kutu ya hewa ya chumvi, risasi hupinda inapotoka. Halafu jaribu aina tatu za risasi, tano tano, mita 50, bunduki imeegemezwa. Aina moja ikikusanyika pamoja, bunduki ni nzima; .22 huchagua risasi sana. Zote zikitawanyika na ndani ya mtutu mna vishimo vya kutu, nunua nyingine, ila kibali kwanza.