Noti za Wakati wa Vita: Uliza Kwanza Nani Aliitoa

Tangu watu wafahamu kwamba nakusanya noti za kale, simu yangu haikauki picha. Mtu amefungua sanduku la marehemu babu, amekuta noti ya kigeni ya miaka ya 1940, na swali ni lilelile: inauzwa bei gani? Jibu langu la kwanza huwaudhi wengi. Umri peke yake haulipi, na sufuri nyingi hazilipi kabisa.

Chukua noti ya Ujerumani ya mark 1000 yenye tarehe 21 Aprili 1910. Wengi huiona ni hazina kwa sababu ya mwaka ule. Kumbe tarehe inayoandikwa kwenye noti ni ya toleo lake, si lazima iwe ya siku iliyochapwa. Hiyo iliendelea kuchapwa miaka mingi baadaye, na rangi ya mihuri ndiyo inayokusaidia: mwekundu ni wa machapisho ya awali, kijani ni wa yale ya mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Zote zimejaa sokoni. Zile za mwaka 1923, wakati mfumuko wa bei umeshapanda hadi mabilioni, ni za baada ya vita, na nazo nyingi hazina mnunuzi wa maana.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta bei, tafuta mtoaji. Je, ni benki kuu ya nchi, jeshi lililoivamia, jeshi lililoikomboa, au kambi ya wafungwa? Ukishajua hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Ninazoletewa zaidi ni noti za Japani za uvamizi. Zimeandikwa kwa Kiingereza "The Japanese Government", au kwa Kiholanzi zile za mwanzo zilizotumika Indonesia ya leo, na zina muhuri mwekundu wa maandishi ya Kijapani. Hazitaji nchi, ila herufi ya kwanza ya alama zake inasema yote: M ni Malaysia na Singapore za leo, B ni Burma, P ni Ufilipino, S ni Indonesia, O ni visiwa vya Pasifiki. Ile ya dola 10 yenye mgomba imezipa noti za Singapore jina la "pesa za ndizi". Vita vilipokwisha mwaka 1945 zikawa karatasi tupu, na kwa kuwa zilichapwa bila kipimo, hadi leo ni za bei rahisi. Tafuta matoleo ya mwanzo yenye namba kamili za mfululizo badala ya herufi tupu. Hayo ni adimu zaidi. Za Ufilipino wakati mwingine zina mhuri wa JAPWANCAP, chama cha watu waliotumaini kulipwa fidia ya pesa hizo. Hawakulipwa.

Upande wa pili kuna fedha za kijeshi za Washirika (Marekani, Uingereza na wenzao): lira za Italia za 1943, faranga za Ufaransa na mark za Ujerumani za 1944. Mark hizi nazipenda kwa sababu zinahitaji jicho. Marekani iliwapa Wasovieti vibao vya kuchapia, nao wakachapa zao. Namba ikianza na kistari, kwa kawaida hiyo ni ya Kisovieti. Zile zilizochapwa Marekani zina herufi F ndogo sana iliyojificha ndani ya nakshi. Beba lenzi.

Dola za Marekani za mwaka 1942 zilizopigwa chapa HAWAII, zenye muhuri wa kahawia, ni habari nyingine. Zilitolewa ili Japani ikivamia visiwa vya Hawaii, noti hizo zifutwe mara moja. Hazikufutwa, na bado ni pesa halali Marekani. Usizipeleke dukani, maana wakusanyaji hulipa zaidi ya kilichoandikwa.

Pauni nyeupe za Uingereza, zilizochapwa upande mmoja, zinataka tahadhari. Wanazi waliwalazimisha wafungwa wa kambi ya Sachsenhausen kughushi za pauni 5, 10, 20 na 50, na mwaka 1959 masanduku ya noti hizo yaliopolewa kutoka ziwa Toplitz, Austria. Iliyo halali Benki Kuu ya Uingereza huibadilisha hata leo, ya kughushi hailipwi. Ajabu ni kwamba hata hizo za kughushi zina wanunuzi wake. Pauni nyeupe mpelekee mtaalamu, usiamue kwa picha.

Kuhusu nakala za siku hizi, ninatumia taa ya miale ya urujuanimno (UV). Karatasi ya zamani kwa kawaida haing'ai chini yake, kwa sababu dawa za kung'arisha karatasi zilienea baada ya vita. Ila noti iliyowahi kufuliwa kwa sabuni ya unga nayo hung'aa, kwa hiyo usihukumu kwa taa tu.

Hali ya noti ndiyo inayokata bei. Noti ileile, ikiwa haijawahi kukunjwa, inaweza kuuzwa mara kumi ya iliyochakaa. Usiioshe, usiipige pasi, usiibandike selotepu. Plastiki laini ya PVC huiharibu polepole. Tumia mfuko wa poliesta. Maandishi ya kalamu hupunguza bei, isipokuwa zile ambazo askari na marubani walisainiana na kuziunganisha moja hadi nyingine kwa utepe. Hizo hutafutwa kwa sababu ya saini hizohizo.

Bei yenyewe usiichukue kwenye matangazo ya wauzaji, maana kila mtu ana ruhusa ya kuota. Tafuta noti yako katika Numista, tovuti ya orodha ya sarafu na noti, pata namba yake ya Pick, katalogi ya noti inayotumiwa na wakusanyaji (huandikwa P- na namba), kisha angalia minada iliyokwisha, yaani bei iliyolipwa kweli kwa noti ya hali kama yako. Kampuni za kupima hali kama PMG hulipisha ada kwa kila noti, na kwa pesa za ndizi ada hiyo mara nyingi huipita noti yenyewe. Mimi hutuma tu ile ambayo mnada unaonyesha kwamba tofauti ya daraja moja la hali inalipa ada hiyo na zaidi.